Pitcha mkongwe kwenye timu inayofungwa kila siku: tumpime kwa kitu gani?

Timu ikishafungwa mechi saba nane mfululizo, mashabiki wa besiboli hawachelewi kugawanyika, na wa kwanza kugombaniwa huwa ni yule pitcha mkongwe, anayelipwa hela ndefu, aliyewahi kuwapa ubingwa enzi hizo. Kundi moja linasema ameisha awapishe vijana, lingine linasema muacheni mzee wetu, huyu ndo katufikisha hapa. Mi kazi yangu ni kuchambua takwimu za huu mchezo na kwa kweli makundi yote mawili mara nyingi yanabishana kwa ushahidi usiofaa, wale wanaangalia kashinda ngapi kapoteza ngapi mwaka huu, hawa wanaangalia kumbukumbu.

Kwa asiyefuatilia sana: pitcha ndo anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji akizunguka beisi zote nne akarudi nyumbani, hiyo ni rani moja, ndo bao lenyewe. Mechi ina iningi tisa, yaani kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Sasa pitcha aliyeanza mechi ili aandikiwe ushindi lazima arushe angalau iningi tano, aondoke timu yake ikiwa inaongoza, na wenzake wasiupoteze ule uongozi mpaka mwisho. Hebu soma tena masharti hayo uone mangapi yako mikononi mwake. Wapigaji wake wasipofunga rani hata moja, hata arushe vipi hawezi kuandikiwa ushindi, ni kama kipa asiyeruhusu goli kwenye timu ambayo haina straika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Baltimore Orioles ya 1988. Walianza msimu kwa kufungwa mechi 21 mfululizo, rekodi ya mwanzo mbaya kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya Marekani. Mechi ya kwanza tu, nyumbani, walikula 12-0 kwa Milwaukee Brewers. Baada ya mechi sita kocha Cal Ripken Sr. akafukuzwa, huku wanae wawili, Cal Jr. na Billy, wakiwa wachezaji wa timu hiyohiyo, akaingia Frank Robinson naye akaendelea kufungwa tu. Ushindi wa kwanza ulikuja Aprili 29 kule Chicago, 9-0 dhidi ya White Sox. Kwenye zile mechi 21 Orioles walifunga rani 44 na kufungwa 129. Rani 44 kwa mechi 21 ni kama mbili kwa mechi, na kwa mbili hizo huwezi kumshindia pitcha yeyote, awe mzee awe kijana.

Ndani ya timu hiyo walikuwepo mapitcha wawili wakongwe, wote mashujaa wa ubingwa wa 1983. Scott McGregor, mrushaji wa mkono wa kushoto, ndo aliyerusha mechi ya mwisho ya fainali za World Series mwaka ule, mechi ya tano kule Philadelphia, 5-0, hakuruhusu rani hata moja. Mike Boddicker naye kwenye mechi ya pili ya nusu fainali dhidi ya White Sox aliwatoa wapigaji 14 kwa straikiauti (yaani mpigaji anatolewa kwa straiki tatu bila mpira kuingia uwanjani), naye hakuruhusu rani, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa hatua ile. Watu wa namna hii kwenye mji kama Baltimore hawasahauliki, na sidhani wanatakiwa kusahaulika.

Lakini Aprili 1988 wote wawili walikuwa wanapoteza tu, ukiangalia safu ya ushindi na kupoteza peke yake huwezi kuwatenganisha, hapo ndo shabiki anapopotea.

Chukua kipimo kingine, wastani wa rani ambazo pitcha anaruhusu kwa kila iningi tisa, ukitoa zile zilizotokana na makosa ya wadakaji wake. Inavyokuwa ndogo ndo vizuri. McGregor 1983 alikuwa na 3.18, 1984 ikawa 3.94, afu 4.81, 4.52, na 1987 ikafika 6.64. Kwahiyo 1988 alipoanza mechi nne, akarusha iningi 17 na theluthi na kuruhusu rani 17, hiyo 8.83 haikuwa bahati mbaya ya Aprili wala mkosi wa timu, ilikuwa njia aliyoshaianza miaka minne nyuma. Alikuwa na miaka 34, hakuwahi kutegemea kasi, alitegemea kuweka mpira anapotaka na kumchanganya mpigaji kwa mwendo wa polepole, na mtu wa aina hiyo akipoteza kidogo tu ule ulengaji hana kitu kingine cha kujishikilia. Mwanzoni mwa Mei wakamwachia. Inauma, maana alichezea Orioles tu maisha yake yote ya ligi kuu, ushindi 138, lakini uamuzi ulikuwa sahihi.

Boddicker sasa. Miaka 30, na wastani wake ulikuwa umepanda kutoka 2.79 ya 1984 mpaka 4.70 ya 1986, kwahiyo aliyesema naye ameisha alikuwa na pa kuanzia. Ila uliporudi 4.18 mwaka 1987, mzigo wake haukupungua, alirusha iningi 226 na straikiauti 152. Mwaka 1988 wote akarusha iningi 236 na straikiauti 156. Unaona? Ni kitu kilekile. Straikiauti ndo sehemu ya kazi ambayo pitcha anaifanya karibu peke yake, hakuna mdakaji wa kumsaidia wala wa kumwangusha. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alitoa hoja iliyotikisa fani yetu, kwamba mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani pitcha ana mamlaka madogo sana juu ya utakapoangukia, kwahiyo mpime zaidi kwa straikiauti, beisi za bure anazotoa akirusha vibaya, na homurani anazopigwa (mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja). Watu wameirekebisha hoja hiyo tangu hapo lakini kiini kimebaki, na mi mpaka leo nikiulizwa kuhusu mkongwe naanzia hapo.

Halafu kuna hizo iningi zenyewe, mashabiki wanazidharau sana. Timu ikiwa inafungwa kila siku, mapitcha wa akiba wanaingizwa mapema kila siku, wanachoka, na uchovu huo unaleta kufungwa kwingine. Mtu anayekuchukulia iningi saba hata akipoteza 4-2 kawapumzisha wenzake wa kesho na keshokutwa, na hilo halionekani popote kwenye ushindi wake.

Julai 29 Orioles wakampeleka Boddicker Boston Red Sox. Akiwa Baltimore alikuwa ameshinda 6 na kupoteza 12, wastani 3.86. Akiwa Boston akashinda 7 na kupoteza 3, wastani 2.63. Mkono uleule, mwaka uleule! Sisemi yote ni wenzake, miezi miwili ni michache na wastani wenyewe ulishuka, lakini ukiwa na mpigaji kama Wade Boggs anapiga .366 (yaani anafanikiwa karibu mara 37 kwa kila majaribio 100) kwenye timu yako ushindi unakuja. Boston walichukua ubingwa wa kanda yao kwa ushindi 89 dhidi ya 88 wa Detroit, mechi moja tu.

Na anayedhani hii ilikuwa ya Boddicker peke yake amwangalie Nolan Ryan wa Houston mwaka 1987. Miaka 40, ushindi 8, kupoteza 16. Mwaka huohuo aliongoza ligi yake kwa wastani mdogo kuliko wote, 2.76, na kwa straikiauti, 270.

Kwa Boddicker Orioles walipata vijana wawili, Brady Anderson na Curt Schilling. Anderson alikuja kupiga homurani 50 mwaka 1996 akiwa Baltimore. Schilling walimuuza wenyewe Januari 1991 kwenda Houston, pamoja na Steve Finley na Pete Harnisch, ili wampate Glenn Davis, na alimaliza kazi yake na straikiauti 3,116. Kwahiyo wapo wanaosema Boston walipunjwa. Mi sikubali. Boddicker aliwashindia mechi 15 mwaka 1989 na 17 mwaka 1990, na 1990 wakachukua tena kanda, kwa mechi mbili juu ya Toronto.