Asilimia 18 si ramli

"Kompyuta imesema nitapata matatizo nikipasuliwa." Wengi huielewa hivyo asilimia ya hatari ambayo programu hukadiria kabla ya upasuaji, kumbe sivyo.

Chukua kikokotoo cha hatari za upasuaji cha Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani, kilichotoka 2013 kikiwa kimejengwa kwa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.4. Daktari hujaza umri, kisukari, uvutaji sigara, kama saratani imesambaa, na kadhalika. Tuseme mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana anapewa asilimia 18. Maana yake, kati ya watu 100 wanaofanana naye kwa hayo yaliyojazwa, takriban 18 hutarajiwa kupata tatizo: kidonda kutunga usaha, nimonia, damu kuganda mguuni. Yeye yumo kati ya hao 18 au wale 82 wengine? Programu haijui. Wala haiuoni mkono wa mpasuaji.

Namba hiyo ni ya kufanyia kazi: sukari ishushwe, sigara iachwe, lishe irekebishwe, kitanda cha uangalizi maalumu kiandaliwe mapema. Na kwa kuwa kumbukumbu ni za hospitali zinazoshiriki mpango wa chuo hicho, nyingi za Marekani, mimi nisingeiamini ikitumika Dar es Salaam kabla haijapimwa kwa wagonjwa wa huku.