Dashibodi inasema kilomita 14 kwa lita: tuiamini?

Mafuta yakianza kuisha haraka, wa kwanza kulaumiwa ni kituo cha mafuta. "Sheli ile wanapunja." Ukimuuliza mlalamikaji amejuaje, anakuonyesha dashibodi: gari linajisomea kilomita 14 kwa lita, ila hela anayotoa kila wiki haiendani kabisa na hizo 14. Huenda kweli anapunjwa. Lakini kwa sisi tunaoshughulika na vipimo, anayehojiwa kwanza ni shahidi, na shahidi hapa ni dashibodi yenyewe.

Katika magari mengi tunayoendesha, hakuna mita inayopima lita zinazoingia kwenye injini. Kompyuta ya gari inahesabu kila nozeli, yaani kidude kinachopulizia mafuta kwenye injini, imefunguka kwa muda gani, inazidisha muda huo kwa kiasi cha mafuta ambacho mtengenezaji anasema nozeli mpya hupitisha, kisha inalinganisha na umbali uliosomwa kwenye magurudumu au gia. Ni makadirio, mazuri tu wakati gari lingali kama lilivyotoka kiwandani. Nozeli ikiziba kidogo, kompyuta huiacha wazi kwa muda mrefu zaidi ili injini ipate mafuta yake, na dashibodi inahesabu mafuta mengi kuliko yaliyopita. Fundi akikufungia nozeli za gari jingine zinazopitisha mafuta zaidi ya zile za awali, mambo yanageuka: gari linakunywa, dashibodi inakusifia.

Upande wa umbali kuna matairi. Gari lililotoka na tairi za 185/65R15 likivalishwa 195/65R15, gurudumu linaongezeka kipenyo kwa takriban asilimia 2. Dashibodi ikisoma kilomita 100, gari limekwenda kama 102. Tairi zilizolika hadi kubaki kipara hufanya kinyume chake, karibu kwa kiasi hichohicho. Kulikagua hili ni rahisi: ukiwa barabara kuu, linganisha odometa (namba ya kilomita kwenye dashibodi) na vibao vya kilomita vya pembeni kwa kilomita 20 au 30, au washa ramani ya simu inayorekodi safari. Usilinganishe na mshale wa spidi. Huo kwa kawaida hutengenezwa usome juu kidogo kuliko mwendo halisi, na hausemi lolote kuhusu odometa.

Namba ya kwenye tangazo la gari ndiyo msiitegemee kabisa. Magari ya Japani hutangazwa kwa kipimo cha maabara, JC08 kwa yale ya miaka ya 2010 na WLTC kwa ya karibuni, na maabara haina foleni ya Ubungo. Mwaka 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kuchezea takwimu za ulaji mafuta za magari madogo yapatayo 625,000, yakiwemo iliyoyatengenezea Nissan. Hata pasipo udanganyifu pengo lipo. Umoja wa Ulaya ulipokusanya takwimu kutoka kwenye magari yenyewe, uliona kwamba ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa 2021 yanakula barabarani takriban asilimia 20 zaidi ya namba za maabara. Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu sheria yao inataka magari mapya yawe na kirekodi cha matumizi ya mafuta kisichokosea zaidi ya asilimia 5. Gari lako la mwaka 2008 lililoshuka bandarini halikuwahi kubanwa na sharti hilo.

Basi pima mwenyewe. Jaza tanki, na mkono wa pampu ukijikata mara ya kwanza, simama hapo. Usimruhusu mhudumu aongezee ili bei ifike namba nzima. Hapo ndipo kipimo kinapoharibika. Rudisha tripu, kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, ujaze tena hadi ijikate. Soma lita kwenye risiti, si shilingi.

Kujaza mara moja hakutoshi. Pampu inaweza kujikata lita moja kabla au baada, na kwenye lita 10 hilo ni kosa la asilimia 10. Kwenye jumla ya lita 95, kosa hilohilo ni kama asilimia 1. Tuchukue mfano wa mijazo mitatu: kilomita 412 kwa lita 31.6, kilomita 388 kwa lita 30.9, kilomita 435 kwa lita 32.5. Jumlisha kilomita zote, 1,235, ugawe kwa lita zote, 95. Jibu ni kilomita 13 kwa lita. Dashibodi iliyosoma 14 imekupamba kwa karibu asilimia 8.

Na anayeweka ya elfu ishirini kila asubuhi? Naye anaweza. Kinachotakiwa ni tanki kujaa siku ya kwanza na siku ya mwisho. Katikati weka kiasi chochote, sheli yoyote, ilimradi kila risiti inabaki, hata ya lita tatu. Suala la kujaza alfajiri eti mafuta yanakuwa mazito lisikunyime usingizi. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na matanki ya kituo yamefukiwa ardhini ambako joto halibadilikibadiliki.

Ukishapata namba mbili, usiitupe ya dashibodi. Yenyewe inakadiria mafuta yaliyochomwa na injini. Risiti zinaonyesha yaliyonunuliwa. Pengo likiwa lilelile mwezi hadi mwezi, asilimia 5 au 8, hiyo ni tabia ya gari lako, izoee. Pengo lililokuwa asilimia 6 likiruka ghafla hadi 20, huku dashibodi ikisoma vilevile, maana yake kuna mafuta yanayolipiwa ambayo hayafiki kwenye injini. Kagua mipira ya mafuta na chini ya tanki. Kama gari linaendeshwa na mtu mwingine, uliza pia linalala wapi. Dumu na mpira wa kunyonyea havionekani kwenye dashibodi.

Sheli inakuja baada ya hapo, hasa kama pengo linatokea kwenye kituo kimoja na kutoweka ukihamia kingine. Pampu iliyohakikiwa inapaswa kuwa na stika na lakiri za Wakala wa Vipimo. Kiwango kinachotumika kimataifa kinaruhusu kosa la asilimia 0.5, yaani mililita 100 kwenye lita 20, kwa hiyo upungufu wa lita moja na nusu katika lita 20 hauwezi kuitwa bahati mbaya. Usipime kwa dumu la mafuta ya kupikia: dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni huingia zaidi ya lita 20, na mwenye kituo atakushinda kwa hoja hiyo tu. Toa taarifa Wakala wa Vipimo mkoani kwako, ukiwa na jina la kituo, namba ya pampu, tarehe, saa na risiti, ili pampu ipimwe kwa chombo kilichohakikiwa.