Kwa nini ndege ya Dubai kwenda Los Angeles huelekea kaskazini?

Dubai iko latitudo 25 Kaskazini, Los Angeles 34. Kwenye ramani ya ukutani, mtu huweka rula na kuchora: Misri, Sahara, Atlantiki, Marekani. Kumbe njia fupi huanza karibu kaskazini tupu, hupita Iran, Urusi na takriban kilomita 600 kutoka Ncha ya Kaskazini, ndipo ishuke Kanada.

Wengi husema rubani anakwepa bahari, au anaiacha dunia izunguke chini yake. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachotudanganya ni ramani. Ile ya mchoraji ramani Mercator, ya mwaka 1569, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia: mstari ulionyooka juu yake hushika uelekeo uleule wa dira mwanzo hadi mwisho. Kwao hilo lilikuwa na thamani kubwa, ila gharama yake ni kutanua kila kilicho mbali na ikweta. Latitudo 60 urefu huonekana mara mbili, latitudo 80 karibu mara sita. Kwa hiyo njia ya kaskazini, iliyo fupi, inaonekana ndefu kupita kiasi.

Chukua chungwa lililomenywa. Vipande vyake vyote hukutana kwenye kikonyo. Mdudu aliye kwenye kipande kimoja, sehemu ya juu, akitaka kufika kipande cha upande wa pili, hana haja ya kuzunguka tumbo la chungwa. Hupitia karibu na kikonyo. Dubai na Los Angeles zimetengana nyuzi 174 za longitudo, karibu nusu ya dunia kamili. Ndiyo maana kikonyo, yaani Ncha ya Kaskazini, kinahusika sana hapa.

Pima mwenyewe kwa tufe la dunia lenye kipenyo cha sentimita 30, ambapo sentimita 1 ni kama kilomita 425. Bandika uzi kufuata latitudo 30, kutoka longitudo ya Dubai hadi ya Los Angeles: utatumia sentimita 39 hivi, yaani kilomita 16,700. Sasa ubandue, ushike kwenye miji yenyewe na uuvute. Utateleza kaskazini wenyewe na kubaki sentimita 31.5, sawa na kilomita 13,400. Usiuvute ukiwa umebana katikati kwa kidole, utapata jibu la uongo.

Hiyo 13,400 ni umbali wa chini kabisa. Ndege huongeza kilomita kufuata upepo wa mgongoni, kukwepa anga iliyofungwa, au kubaki karibu na viwanja vya dharura. Baridi nayo huangaliwa: mafuta ya ndege aina ya Jet A hayapaswi kuanza kuganda kabla ya kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, aina ya Jet A-1 nyuzi 47.

Ukisoma umbali huo kwa maili, uliza ni maili gani. Ya angani na baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609, safari hii moja ni maili 7,235 za angani, au 8,326 za nchi kavu.