Eneo la ukaguzi si idara, na hatua si robo mwaka

Ikifika Mei, wakaguzi wa ndani wa halmashauri na taasisi nyingi hapa Dodoma wanahangaika kukamilisha mpango wa mwaka unaoanza Julai mosi, na ndipo husikika kauli ileile: "Maeneo ya ukaguzi tumeshaingiza kwenye mfumo. Tumechukua muundo wa taasisi, tukaupandisha wote." Ikifika Januari mfumo huo, yaani programu ya kompyuta ya kupangia na kufuatilia kaguzi, unaonekana mbovu, hautoi taarifa inayoeleweka. Mfumo hauna kosa, umepewa orodha ya ofisi ukaambiwa ndiyo orodha ya kazi.

Maana yenyewe ni fupi. Eneo la ukaguzi ni sehemu ya shughuli za taasisi, iwe mchakato, mradi, kituo, mkataba au mfumo wa kompyuta, yenye lengo lake, vihatarishi vyake na mtu wa kuulizwa, na ambayo unaweza kuikagua peke yake ukatoa hitimisho. Hatua ni kipande cha ukaguzi mmoja chenye mwanzo, mwisho na kitu kinachokabidhiwa. Basi.

Shida iko kwenye neno "sehemu". Wengi wakilisikia wanafikiria idara, na idara ni jambo la utawala: nani anaripoti kwa nani, nani anasaini likizo ya nani. Fedha hazipiti hivyo. Chukua ushuru wa mazao katika halmashauri yenye soko kubwa la nafaka, kama Kongwa yenye soko la Kibaigwa. Gunia linafika getini, mkusanyaji anatoa risiti kwa mashine ya POS, miamala inatumwa kwenye mfumo wa mapato, mkusanyaji anapata namba ya malipo, anapeleka fedha benki, mhasibu wa mapato analinganisha. Hapo wameshiriki watendaji wa kata na vijiji, watu wa fedha na watu wa Tehama.

Sasa kwenye orodha yako kuna "Fedha" peke yake na "Tehama" peke yake. Anayekagua fedha ataona kila namba ya malipo ina hati ya benki, atafunga. Anayekagua Tehama ataona mashine zote zimesajiliwa na kila moja ina mtu aliyeisainia, atafunga. Hakuna aliyepangiwa kulinganisha jumla ya risiti zilizotoka kwenye mashine na jumla iliyofika benki, mkusanyaji kwa mkusanyaji, wala kuuliza kwa nini mashine moja ilikaa wiki mbili za mavuno bila kutuma muamala wowote. Fedha ikipotea hapa hupotea katikati ya idara, na mpango uliopangwa kwa idara hauna macho ya kuona katikati. Eneo linalotakiwa kuandikwa ni "Ukusanyaji wa ushuru wa mazao", kuanzia getini hadi benki.

Kuna sababu ya pili, nayo hukumbukwa ikishauma. Muundo hubadilika. Mwaka 2017 TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa, barabara zikatoka mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2019 wakala wa maji, RUWASA, ikachukua maji vijijini. Mwaka 2022 muundo wa halmashauri ukapangwa upya, idara na vitengo vikaunganishwa na kubadilishwa majina. Aliyejenga orodha kwa idara alilazimika kuanza upya, na historia ya matokeo ya nyuma ikabaki imening'inia kwenye majina yasiyokuwepo. Aliyejenga kwa shughuli alifanya mambo mawili tu: shughuli iliyohama kabisa aliiwekea tarehe ya kufungwa, na iliyobaki aliibadilishia msimamizi. Hakufuta kitu. Ukifuta eneo, programu nyingi huondoka na hoja, yaani kasoro zilizoibuliwa, na mapendekezo yaliyohifadhiwa chini yake, au hukataa kufuta na wewe unaishia kulipachika jina la "ZAMANI USITUMIE", tunayajua.

Ukubwa wa eneo nao una kipimo. Jiulize: wakaguzi wawili wakikaa hapa, watatoa hitimisho ndani ya siku 20 hadi 40 za kazi zao kwa jumla? "Fedha" haipiti, humo kuna mishahara, malipo, mapato, masurufu na usuluhishi wa benki. Kila shule ya msingi kuwa eneo nayo haifai, utakuwa na orodha ya mamia isiyokaguliwa hata robo, na asilimia ya maeneo yaliyofikiwa itakuaibisha bure mbele ya Kamati ya Ukaguzi. Andika "Ruzuku na matumizi ya shule za msingi", kisha shule ziwe sampuli ndani ya ukaguzi. Hospitali ya wilaya ni habari nyingine: ina makusanyo yake, dawa zake na madai ya bima. Inastahili kusimama peke yake, pengine hata kugawanywa. Kwa halmashauri ya wilaya ya kawaida, orodha ya maeneo 40 hadi 60 inashikika.

Kwenye fomu ya eneo, jaza namba isiyobadilika (mfano MAP-02), jina, cheo cha msimamizi wala si jina lake, idara au divisheni kama lebo tu, mifumo inayotumika (MUSE ya malipo na uhasibu, NeST ya ununuzi, FFARS ya uhasibu wa vituo kama shule na zahanati, na mingineyo), fedha zinazopita kwa mwaka, alama ya kihatarishi na tarehe ilipotolewa, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Alama pitia upya angalau mara moja kwa mwaka. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani vilivyoanza kutumika Januari 9, 2025 vinadai tathmini hiyo, na mabadiliko makubwa hayasubiri mwaka uishe. NeST ilipoanza kutumika mwaka 2023, alama ya ununuzi iliyotolewa kabla yake haikuwa na maana tena.

Ila jina, tafadhali, lisiwe na mwaka. "Ununuzi 2024/25" si eneo, ni ukaguzi. Mwaka unaofuata mtu anaunda "Ununuzi 2025/26", na mfumo unaona maeneo mawili yasiyojuana: moja lilikaguliwa, jingine halijawahi kukaguliwa tangu dunia iumbwe. Kama alama yako inapanda kadiri muda unavyopita bila ukaguzi, eneo jipya litajipachika juu ya orodha kwa uongo. Shamba la zabibu pale Hombolo ni lilelile, kinachobadilika ni msimu. Eneo ndilo shamba: linabaki na namba yake, na kila ukaguzi unafunguliwa chini yake na mwaka wake, wakaguzi wake na siku zake. Ukaguzi mmoja pia unaweza kugusa maeneo mawili, na programu nzuri inaruhusu kuunganisha yote mawili bila kuzaa la tatu.

Kwenye hatua, kosa lina sura nyingine. Kwa kuwa taarifa hutolewa kila robo mwaka, watu wanaingiza "Robo ya Kwanza", "Robo ya Pili" kama hatua. Robo ni tarehe. Ukaguzi ulioanza Septemba 15 ukaisha Oktoba 20 utauweka wapi? Watu huukata vipande viwili, na taarifa ya Septemba inaonyesha ukaguzi haujakamilika bila kusema umefika wapi. Wengine huingiza "Inaendelea" na "Imechelewa", lakini hizo ni hali, na hatua yoyote inaweza kuchelewa.

Hatua ni upangaji, kazi ya uwandani na uandishi wa taarifa. Kila moja ipewe siku zake na kitu kinachoifunga. Upangaji hufungwa na hadidu za rejea na programu ya ukaguzi (orodha ya vipimo vitakavyofanywa, si ile ya kompyuta) iliyoidhinishwa na mkuu wa kitengo, wala si kikao cha kufungua ukaguzi. Kazi ya uwandani hufungwa pale karatasi za kazi zimepitiwa na kusainiwa, si pale gari linaporudi Dodoma kutoka kijijini. Taarifa hufungwa baada ya majibu ya menejimenti kuingizwa na taarifa ya mwisho kutolewa. Kwa ukaguzi wa siku 30, mgawanyo wa 8, 14 na 8 ni wa kweli kuliko ule uliozoeleka wa 2, 25 na 3. Upangaji wa siku mbili ndio unaozaa siku 25 za kutafuta hati ambazo zingeombwa mapema.

Ufuatiliaji wa mapendekezo ni kazi ya lazima, lakini naona usiwe hatua ya nne ndani ya ukaguzi uleule. Pendekezo la kurekebisha leja ya mali linaweza kuchukua miezi minane, na kwa muda wote huo ukaguzi utaonekana wazi na kuharibu hesabu ya kaguzi zilizokamilika. Ufuatiliaji uwekwe kwenye pendekezo lenyewe, na tarehe na mhusika wake. Na panga kiolezo cha hatua kabla ya kufungua ukaguzi wa kwanza. Programu nyingi hunakili kiolezo wakati ukaguzi unafunguliwa, kwa hiyo ukikibadili Oktoba, zilizofunguliwa Julai zinabaki na hatua za zamani.

Siku hizo zote lazima zitoke mahali. Mwaka una siku za kazi 260. Toa likizo 28, sikukuu kama 15 na mafunzo 10, mkaguzi mmoja anabaki na 207. Watatu ni 621. Ondoa moja ya tano kwa vikao, taarifa za robo na kufuatilia hoja za Mkaguzi Mkuu wa Serikali (CAG), kisha 93 hivi kwa maagizo ya ghafla ya mkurugenzi. Zinabaki kama 404, sawa na kaguzi 13 za siku 30. Mpango wenye kaguzi 28 kwa watu watatu umeshindwa siku ulipochapishwa.

Aliyekwisha kupandisha muundo mzima asifute leo usiku. Aanze na idara zenye fedha nyingi, aandike chini ya kila moja shughuli zake tatu au nne kama maeneo mapya yenye namba, ahamishie huko kaguzi za nyuma pale zinapofanana, na idara yenyewe aiache iwe lebo. Kisha aulize, kwa upole, ni nani mwenye ule ushuru wa mazao, maana hapo ndipo divisheni mbili huanza kutazamana.