Heptathloni si kimbilio la walioshindwa

Nimechoka kuisikia kauli hii kwa wazazi na hata kwa makocha wenzangu: "Huyu mita 100 zimemshinda, mpeleke heptathloni," yaani shindano la wanawake la michezo saba kwa siku mbili, ambapo matokeo ya kila mchezo hugeuzwa pointi na kujumlishwa. Wanaitazama Nigeria, wanamkumbuka Chioma Ajunwa aliyeruka mbali mita 7.12 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, na Tobi Amusan aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 100 viunzi mwaka 2022 kwa sekunde 12.12. Wakifika kwa Uhunoma Osazuwa, Mnigeria wa heptathloni, wanadhani aliangukia michezo saba kwa kukosa mmoja. Osazuwa alishiriki Olimpiki ya London 2012 na ya Rio 2016, na katikati yake alikuwa bingwa wa Michezo ya Afrika, Brazzaville 2015. Aliyeshindwa hafiki huko.

Fungueni jedwali la pointi. Viunzi kwa sekunde 13.85 ni pointi 1,000. Rekodi ya Amusan ingeleta takribani 1,260, yaani nyongeza ya 260 kwa kasi ambayo ni yeye peke yake anayeishikilia duniani. Sasa tazama mita 800: anayemaliza kwa dakika 2:10 anapata kama 965, wa 2:30 hafiki 700. Sekunde 20 za uzembe kwenye mita 800 jioni ya siku ya pili zinaweza kumeza faida yote ya rekodi ya dunia.

Ndiyo maana nasisitiza mkuki, na nitaendelea kusisitiza. Kutoka mita 40 hadi 45 kuna karibu pointi 100. Ukizitafuta hizo kwenye viunzi, mwenye 13.85 itabidi apunguze zaidi ya sekunde 0.6, na kazi hiyo ni ya miaka. Mabinti wenye kasi huja na kosa lilelile: wanakimbia vizuri, kisha wanarusha kwa nguvu ya mkono peke yake, kiwiko kimeshuka chini ya bega na goti la mbele limelegea, nguvu yote ya mbio inaishia ardhini. Wapeni mkuki mapema, wakiwa bado wadogo. Msisubiri mpaka washindwe mbio.

Kuna na kauli nyingine potofu ninazozisikia. "Anayeshinda michezo mingi ndiye bingwa." Hapana. Zinajumlishwa pointi tu. Unaweza kutwaa taji bila kuongoza mchezo hata mmoja.

"Ukiharibu mitupo yote mitatu umetolewa." Unapata sifuri kwa mchezo huo na unaendelea. Anayetolewa ni yule asiyejitokeza kuanza mchezo unaofuata, kwa hiyo hata ukiwa umevunjika moyo, nenda ukapange mstari.

"Tufe litamharibu binti umbo." Tufe lenyewe ni kilo 4, na yuleyule anayelitupa anatakiwa siku hiyohiyo aruke juu na akimbie mita 200. Mwili mzito usingemfaa, na hakuna kocha mwenye akili atakayemjenga hivyo.