Kanosini: dipeptidi ya misuli ambayo damu yetu huikata

Kanosini ni dipeptidi, yaani amino asidi mbili zilizoshikana. Moja ni beta-alanini, nyingine ni histidini. Protini ya nyama au ya maharagi hubeba amino asidi nyingi sana, mara nyingi mamia, na utumbo unapoivunja, vipande vya mbilimbili hutokea kwa wingi, vikae kidogo, kisha vikatwe tena. Dipeptidi nyingi mwilini ni za namna hiyo: mabaki ya chakula kilicho njiani. Kanosini ni tofauti. Mwili wenyewe huitengeneza kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini) chake maalumu, zaidi katika misuli na kwa kiasi kidogo katika ubongo, na ikishaingia kwenye msuli hukaa humo wiki nyingi.

Iligunduliwa mwaka 1900 na mwanakemia wa Urusi Vladimir Gulevich na mwenzake Amiradzhibi, walipokuwa wakichunguza mchuzi mzito wa nyama uliokaushwa. Miaka mingi baadaye ndipo kazi yake ilipoanza kueleweka.

Mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, akitoka Kibumba, kaskazini mwa Goma, na mzigo wa viazi au makaa, mteremko humsaidia. Akikuta mwinuko, hata mfupi, lazima ashuke asukume kwa nguvu zote. Hapo misuli ya mapaja huchoma sukari haraka kuliko oksijeni inavyofika, na asidi hujaa ndani yake. Msuli uliopumzika una pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ya karibu 7.1, kwa kazi kali sana pH hiyo inaweza kushuka hadi karibu 6.5, na msuli huanza kukataa. Ile sehemu ya histidini katika kanosini hunasa ioni za haidrojeni, ambazo ndizo asidi yenyewe, na hufanya hivyo vizuri zaidi pale pH inapokaribia 6.8, katikati kabisa ya kushuka huko kwa pH. Mwaka 1953 Sergei Severin na wenzake walionyesha jambo hili kwa msuli wa chura: msuli uliochoka, ukiwekewa kanosini, uliendelea kujikunja. Ndiyo sababu nyuzi za msuli zinazofanya kazi ya ghafla na ya nguvu huwa na kanosini nyingi kuliko zile za kazi ya taratibu.

Basi mtu atasema: nipe kanosini ninywe. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu habari nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu hupotoka hapa. Damu ya binadamu ina kimeng'enya kiitwacho kanosinasi, na kazi yake ni kuikata kanosini irudi kuwa amino asidi mbili. Ukila nyama ya mbuzi ya kuchoma, kanosini yake huingia kwenye damu, lakini nyingi hukatwa upesi kabla ya kufika popote ikiwa nzima. Panya hawana kimeng'enya hicho kwenye damu. Kwao kanosini huzunguka muda mrefu, na matokeo yao huwa mazuri. Kwa hiyo ukisoma kwamba kanosini imetibu hiki au kile, swali la kwanza ni hili: ni kwa panya au kwa mtu?

Watafiti walipata njia ya kuzunguka kizuizi hicho. Msuli una histidini ya kutosha. Kinachopungua ni beta-alanini. Mwaka 2006 Roger Harris na wenzake waliwapa watu beta-alanini kwa wiki nne, na kanosini katika misuli yao ikapanda kwa asilimia 40 na zaidi. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi, na mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiweka beta-alanini kati ya virutubisho vichache vyenye ushahidi mzuri kwa wanamichezo. Kipimo cha kawaida ni gramu 4 hadi 6 kwa siku, kikigawanywa, maana ukimeza nyingi kwa mara moja uso na mikono husisimka kama inachomwa na sindano ndogo. Faida yenyewe ni ndogo, na huonekana zaidi katika juhudi za dakika moja hadi nne: mbio za mita 800, raundi ya ndondi. Kwa mtu anayesukuma chukudu kutwa nzima, sidhani kama poda hiyo inastahili pesa yake.

Na asiyekula nyama? Wasiokula nyama kabisa huwa na kanosini kidogo zaidi katika misuli, lakini ini lao hutengeneza beta-alanini, na histidini imo katika maharagi, soya na, kwa anayekula samaki, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kwao upungufu huo si ugonjwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya mkoa wetu: mtoto mwenye bwaki (utapiamlo mkali) anahitaji kupelekwa kituo cha afya na kupewa chakula cha tiba, na hakuna dipeptidi ya kopo inayoweza kushika nafasi hiyo.

Kuna upande mwingine wa utafiti, nao unahusu sukari. Sukari ikizidi kwenye damu hujibandika kwenye protini na kuziharibu. Katika chupa za maabara kanosini huzuia sehemu ya uharibifu huo. Mwaka 1994 McFarland na Holliday, huko Australia, waliona kwamba seli za ngozi ya binadamu zilizokuzwa pamoja na kanosini zilichelewa kuzeeka, na hapo ndipo ahadi za kurefusha maisha zilipochota nguvu. Ahadi hizo zimeenda mbele ya ushahidi. Matone ya macho yenye aina ya kanosini huuzwa kwa ajili ya mtoto wa jicho. Tathmini ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika linalopima ushahidi wa tiba, haikupata uthibitisho wa kuaminika kwamba yanafanya kazi.

Kwenye figo habari ina uzito zaidi. Mwaka 2005 kundi la Bart Janssen liligundua kwamba wagonjwa wa kisukari waliozaliwa na aina fulani ya jeni ya kanosinasi, inayoacha kimeng'enya kidogo kwenye damu, walipata madhara ya figo kwa uchache. Na mwaka 2016, katika jaribio dogo la watu 30 wenye uzito mkubwa lakini wasio na kisukari, gramu 2 za kanosini kila siku kwa wiki 12 zilisaidia insulini yao isipoteze nguvu. Ni dalili nzuri, ila mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake wala kupima mkojo kwa ajili ya hilo.

Kwa sasa kemia inajaribu kuibadilisha kanosini kidogo ili kanosinasi ishindwe kuikata. Aina moja, kanosinoli, imeshajaribiwa kwa panya.