Kitenzi cha kawaida cha Kihispania hubadilikaje?

Kitenzi cha Kihispania huitwa cha kawaida kama mzizi wake unabaki vilevile katika nyakati zote na mabadiliko yote yanafuata kanuni. Chukua hablar, yaani kuzungumza. Ondoa -ar, ubaki na habl-, kisha pachika miisho: hablo (ninazungumza), hablas (unazungumza), habla (anazungumza), hablamos (tunazungumza), habláis (mnazungumza), hablan (wanazungumza). Sisi Waswahili nafsi tunaiweka mbele ya kitenzi, Wahispania nyuma. Ndiyo maana hawalazimiki kutaja yo, kama nasi tusivyolazimika kutaja "mimi". Habláis ni ya Hispania. Amerika ya Kilatini husema ustedes hablan (ninyi mnazungumza).

Wakati uliopita una sura mbili. Hablé con mi madre ni "nilizungumza na mama", jambo likaisha. Hablaba con mi madre ni "nilikuwa nikizungumza na mama", au nilikuwa na mazoea hayo. Wakati ujao ni mwepesi, -ar haiondolewi: hablaré, hablarás, hablará. Ukiweka -ía mahali hapohapo unapata hablaría, "ningezungumza".

Alama ya mkazo usiiruke. Hablo ni "ninazungumza", habló ni "alizungumza". Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, kwa hiyo ulimi wetu huivuta habló iwe hablo, na papo hapo "yeye jana" anakuwa "mimi sasa". Jizoeze kwa sauti, si kwa macho tu.

Kisha kuna dhamira ya matakwa, ambayo wageni wengi wa Kihispania huiogopa. Mswahili hana sababu ya kuiogopa, maana anaitumia kila siku: anazungumza, lakini nataka azungumze. A ya mwisho imekuwa e. Kihispania kinafanya vivyo hivyo: habla, lakini quiero que hable. Mimi ningeanza kumfundisha Mswahili hapa hapa.

Tahadhari moja tu. Vitenzi vya -er na -ir huenda kinyume, mwisho wake ukawa a: come (anakula), coma (ale), vive (anaishi), viva (aishi). Ni viva hiyohiyo ambayo Wameksiko huipaza usiku wa Septemba 15, ¡Viva México!, yaani "Meksiko idumu!"